Majina Matatu Hayatoshi

Zipporah alivuka mpaka wa Horohoro mwezi wa Desemba akiwa na watoto wawili, magodoro mawili na sufuria zilizofungwa kwa kamba ya katani. Afisa wa uhamiaji akamuuliza anakwenda kukaa kwa muda gani. Akajibu kwamba anakwenda kwao. Afisa akaitazama pasi yake ya Tanzania, akayatazama magodoro, akagonga muhuri wa siku tisini.

Neno lile la "kwetu" hakulitunga yeye. Lilikuwa la mumewe, Nzai, fundi mwashi, ambaye kwa miaka kumi na minne alijenga nyumba za watu Muheza na Tanga mjini, na kila alipochoka alisema kwamba pale si kwao, kwao ni Marafa, upande wa Kenya. Kazi za uashi zilipopungua, na macho ya baba yake mzazi yalipoanza kuingia ukungu, Nzai alitangulia. Akapata kibarua kwenye viwanda vya chumvi kule Gongoni, kisha akaita jamaa yake ije. Zipporah ni Mbondei, mzaliwa wa Muheza, na Marafa alikuwa ameijua kwa kusimuliwa tu. Alipofika alikuta nyumba ya vyumba viwili ndani ya boma la mkwewe, bomba la maji la kutembelewa, na mume anayeingia Jumamosi jioni na kutoka Jumapili alasiri, nyayo zimepasuka kwa chumvi. Kila alipomuuliza jambo, maji hutoka siku gani, dawa hununuliwa wapi, watoto wataanza shule lini, Nzai alimjibu vivyo hivyo.

"Wewe nenda tu. Hapa ni kwetu."

Basi akaenda. Shule ya msingi ya serikali ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu ya mtoto, dakika arubaini kwa miguu ya mtu mzima mwenye hasira. Wiki ya kwanza ya Januari aliambiwa mwalimu mkuu yuko mkutanoni. Wiki ya pili aliambiwa mwalimu mkuu yupo, lakini anajiandaa kwa mkutano. Jumatatu ya wiki ya tatu alimpata.

Mwalimu Kamande alikuwa mtu wa bara aliyeletwa pwani kwa muda mfupi, miaka kumi na tisa iliyopita, na bado alitembea na taulo dogo begani la kufutia jasho. Alivipokea vyeti vya kuzaliwa vya watoto wale, vya Tanzania, vilivyowekwa ndani ya plastiki na kutunzwa kuliko vyombo vya harusi. Akavisoma mbele, akavigeuza nyuma, ambako hakukuwa na kitu, akakisoma hicho pia.

"Mama, hivi ni vizuri sana," akasema. "Lakini mtandao hauvijui."

"Mtandao upi, Mwalimu?"

"Wa serikali. Unataka namba ya cheti cha Kenya. Nikiweka hii, inalia."

"Inalia?"

"Inakuwa nyekundu."

Kulikuwa na njia, akaeleza. Baba wa watoto ni Mkenya, kwa hiyo watoto wana haki yao, na hakuna aliyesema hawana. Alete barua ya naibu wa chifu, moja kwa kila mtoto, kwamba wanajulikana na wanakaa kijijini. Kwa barua hiyo atawaingiza kwa muda, na cheti cha Kenya kitafuata. Ila Ijumaa hiyo hiyo alikuwa anatuma majina ya wanafunzi wageni wote kwa ofisi ya elimu. Asiyekuwemo Ijumaa angesubiri muhula wa pili.

Kisha akawapa watoto mtihani wa kuwapima, kwa sababu mtihani hauhitaji mtandao.

Mbeyu alikuwa na miaka kumi na miwili. Kule Muheza alikuwa amemaliza darasa la tano akiwa wa tatu kati ya watoto sabini na wanane. Alijua kwa nini maji huchemka, damu huzungukaje, na mzingo wa duara hupatikanaje, lakini alivijua vyote hivyo kwa Kiswahili, na karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Akaandika jina lake vizuri na tarehe. Mwalimu Kamande alimwambia ataingia gredi ya nne. Mdogo wake, mwenye miaka tisa, angeingia gredi ya pili. Mbeyu hakulia. Alisema gredi ya nne si tabu, alishaisoma, na safari hii ataisoma kwa lugha nyingine. Mama yake alimtazama akaona kwamba mtoto ameanza kuzeeka.

Jioni ile Nzai alipiga simu kutoka Gongoni, na upepo wa huko ukazungumza naye.

"Mimi nilisoma pale pale miaka saba," akasema. "Hakuna aliyeniuliza cheti."

"Wewe ulizaliwa hapa."

"Na wao ni wangu."

"Basi njoo uwaambie."

"Nikitoka siku ya kazi wananiandika mtoro. Wewe nenda tu, mama Mbeyu. Hapa ni…"

"Nzai, nisikilize. Ijumaa ikipita na watoto wangu hawajaingia wote wawili, nawarudisha Muheza kwa mama. Huko shule wanawajua. Siku zangu tisini hazijaisha."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja saa ya kuondoka kwa basi, na ndiyo maana Nzai hakulala vizuri.

Sasa, kuhusu mtoto wa kiume.

Nzai ni Mgiriama, na Mgiriama mwanawe wa kwanza wa kiume humpa jina la baba yake mwenyewe, na jina la pili la mtoto huwa la baba. Nzai wa Sanga humzaa Sanga wa Nzai, naye huyo humzaa Nzai wa Sanga, na ukoo hujiendea hivyo mguu wa kulia, mguu wa kushoto, tangu zamani. Mtoto wa Zipporah aliitwa Sanga Nzai. Babu yake, mwenye boma lile la Marafa, aliitwa Sanga Nzai. Hakuna aliyewahi kuwachanganya, kwa kuwa mmoja alikuwa na meno yote.

Jambo la pili ni kwamba mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe. Si mbele yake, si nyuma yake, wala halitamki hata likiwa limekaa juu ya mtu mwingine. Zipporah alielezwa hilo na wifi yake kwa simu siku mtoto alipozaliwa, naye akalishika, kwa kuwa kwao pia mambo hayo yalikuwepo. Miaka tisa alimwita mwanawe "Bwana". Bwana, njoo uoge. Bwana, acha kumvuta mbuzi mkia. Majirani wa Muheza walidhani ni mapenzi yamezidi.

Kwa hiyo Jumanne alipokaa kwenye benchi la ofisi ya naibu wa chifu, na Jumatano alipokaa tena penye benchi lile lile, alikuwa na kipande cha karatasi alichoandika majina ya watoto nyumbani, ili ulimi wake usije ukalazimika. Mbeyu Nzai Sanga. Sanga Nzai Sanga. Naibu wa chifu alimwita Jumatano saa tisa. Alikuwa na simu sikioni na mtu wa upande wa pili alikuwa akimwambia habari za mpaka wa shamba.

"Karibu, mama. Wewe ni wa kwa Mzee Sanga, mke wa Nzai. Shida ni barua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Za hawa wa nyumbani." Akampa kipande cha karatasi kwa mikono miwili.

"Mbeyu," akasoma. "Huyu ni mtoto?"

"Ni mtoto, wa shule."

"Sawa. Na wa pili…" Akatabasamu, akaziba simu kwa kiganja. "Aa, huyu! Huyu namfahamu sana. Nimemkawiza mno, mama, unisamehe. Leo nitamwandikia barua ya nguvu."

Zipporah alishangaa kidogo, maana mtoto alikuwa na wiki tano tu nchini. Lakini alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba serikali ina macho, na isitoshe, lilikuwa jambo la kwanza la upole kuambiwa na mtu wa ofisi tangu Horohoro. Akashukuru. Kumuuliza anamjuaje kungemlazimu amtaje. Barua ziliandikwa kwa Kiingereza, zikagongwa mihuri ya zambarau. Kiingereza cha Zipporah kilitosha kusoma dawa ya mbu. Akaona jina liko sawa, herufi zote zimo, akazikunja akaziweka kifuani.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Kamande alisoma ya Mbeyu, akaiweka kulia. Akasoma ya pili. Akaisoma tena, akajifuta jasho.

"Mama, hii umeisoma?"

"Nimeiona, Mwalimu."

"Nitakusomea kwa Kiswahili. 'Namthibitisha Sanga Nzai Sanga, mwenye miaka sabini na nne, mzaliwa na mkazi wa kijiji changu. Hana mke. Macho yake yana ukungu na hawezi kazi yoyote. Kwa kifupi hajiwezi, na ninaiomba serikali imhurumie.'" Akaishusha. "Huyu nimweke gredi ya ngapi?"

Mzee Sanga alikuwa ametuma maombi kwa naibu wa chifu kwa miaka miwili, aandikiwe barua ya kuingizwa katika mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee. Zipporah alilijua hilo kama anavyojua kwamba kuku hutaga, yaani bila kulifikiria. Sasa alilifikiria. Akakaa juu ya kiti bila kukaribishwa.

"Narudi kwake sasa hivi abadilishe."

"Hayuko. Ameenda Malindi kwa semina mpaka Jumatatu. Wameenda wote."

"Semina ya nini?"

"Ya kuhudumia wananchi," alisema Mwalimu Kamande, na uso wake haukuonyesha chochote, ndiyo sababu alikuwa amedumu kazini. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akafungua kijitabu cha maelekezo akakipekua mpaka karibu na mwisho. "Kuna hii. Pakikosekana barua, mzazi anatoa maelezo kwa mdomo, mbele ya mkubwa wa familia mwenye kitambulisho, na mimi naandika. Ni kesho tu, mama. Kabla ya saa sita. Mlete mwenyewe."

Alirudi nyumbani mchana, jua likiwa utosini, na hakuwa na nguvu hata za kukasirika. Alipika sima. Akampelekea mkwewe chakula barazani, akapiga goti, akamweleza yote kwa kuzunguka jina lake kama mtu anayezunguka kisima gizani. Barua ya yule Bwana mdogo imeandikwa ikawa ya Bwana mkubwa. Mzee akasikiliza, akanawa, akamega tonge.

"Kwa hiyo barua yangu imetoka?"

"Imetoka, Baba."

"Miaka miwili naiomba kwa mdomo wangu. Wewe umekwenda mara mbili bila kusema neno, umeipata." Akatafuna. "Nitafutie lile koti."

Usiku huo Zipporah alitandaza nguo za watoto kitandani, akazikunja, akazigawa mafungu mawili. La yunifomu na la safari. Hakujua asubuhi atalichukua lipi.

Ijumaa saa nne walikuwa wamekaa wote ofisini. Mzee alivaa koti la sufu juu ya kikoi na kuketi wima kama mtu anayepigwa picha. Mbeyu alikuwa darasani tayari. Mdogo wake alisimama kati ya mama na babu, amepakwa mafuta mpaka anang'aa.

"Haya," akasema Mwalimu Kamande, akafungua fomu. "Sanga Nzai ni nani hapa?"

"Mimi," wakajibu wawili. Mtoto alisimama vizuri zaidi. Mzee alibaki amekaa, maana uzee una faida zake.

"Tutumie majina matatu, ndiyo tusichanganye. La mtoto?"

"Sanga Nzai Sanga," akasema mzee.

Mwalimu akaandika. "Na lako, mzee?"

"Sanga Nzai Sanga."

Kalamu ikasimama. "La nne?"

"Nzai."

"La mtoto ama lako?"

"Letu."

"La tano?"

"Sanga. Mwalimu, usijisumbue. Mimi nayajua mpaka la tisa, na hakuna linalobadilika."

Mwalimu Kamande alichukua taulo, akajifuta uso wote kwa mara moja. Dirishani kulisikika gredi ya kwanza wakihesabu kwa kelele mpaka ishirini, wakikosea kumi na saba kila mara. Akamgeukia Zipporah.

"Basi ni wewe, mama. Kijitabu kinasema hivi: mzazi ataje jina la mtoto, tarehe na pahali alipozaliwa, na mkubwa wa familia asikie."

Zipporah aliangalia sakafu. "Nikiandika, Mwalimu?"

"Wanasema kutaja. Na kuandika uliandika kwa naibu wa chifu, tukapata mwanafunzi wa miaka sabini na nne."

"Si kwamba sitaki."

"Najua, mama. Nimekaa huku miaka kumi na tisa. Lakini ni saa tano kasorobo, na stima hapa hupotea saa tano."

Mtoto akamtazama mama yake. Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwake, na pengine alidhani halijui. Zipporah alihesabu kichwani. Miaka tisa ya kujizuia na wiki tano za benchi. Na nyumbani lile fungu la safari, limekunjwa vizuri. Kulitamka ni kumvunjia heshima mzee huyu aliyevaa koti kwa ajili yake. Kunyamaza ni kupanda basi.

Mzee Sanga akageuka taratibu na kiti chake mpaka akaelekea dirishani, mgongo kwao.

"Mwalimu," akasema, "yule mbuzi kwenye sukuma wiki za shule ni wa nani?"

"Wapi, mzee?"

"Pale. Au si mbuzi. Mimi siku hizi sioni. Wala sisikii. Hata barua imesema."

"Barua imesema macho, mzee. Masikio haikuyataja."

"Macho na masikio ni majirani. Moja likiungua, la pili halisalimiki."

Mwalimu Kamande akainamisha kichwa juu ya fomu, akasubiri.

"Sanga," alisema Zipporah. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi airudie. "Anaitwa Sanga. Sanga Nzai. Nilimzaa Muheza, tarehe nane mwezi wa tano, alfajiri, mvua inanyesha."

"Mvua haina nafasi kwenye fomu," akasema Mwalimu, akiandika. Alipomaliza akaigeuza karatasi. "Mzee, umesikia?"

"Sikusikia kitu," akasema Mzee Sanga, bado anamtazama mbuzi asiyekuwepo. "Nitie dole wapi?"

Akatia dole. Mwalimu Kamande akaingiza jina, akabonyeza, wakangoja wote wanne wakiitazama mashine. Haikuwa nyekundu. Haikuwa ya kijani pia. Iliandika kwamba imepokea kwa muda na kwamba cheti cha Kenya kiletwe kabla muhula haujaisha, jambo ambalo maana yake ni ofisi ya Malindi, foleni nyingine, na pengine mkutano mwingine. Lakini ilikuwa imepokea. Majina yakaondoka kwenda ofisi ya elimu, na dakika nane baadaye stima ikapotea.

Mwalimu mwenyewe alimpeleka mtoto gredi ya pili. Kulikuwa na dawati la watu watatu lenye watu wanne, wakasogea. Zipporah alimwona kupitia mlangoni akikaa pembeni, nusu ya mwili wake hewani, magoti yamepita ubao. Akataka kumwita. Mdomo ukafunguka, kisha ukachagua njia yake ya siku zote.

"Bwana," akasema, "usimsahau dada yako wakati wa kutoka."

Kurudi, mzee alitangulia na mkaza mwana akafuata nyuma, hatua kumi, kama inavyotakiwa. Vumbi la njia ile ya Marafa ni jekundu, na lilikuwa limeshawafika magotini. Wakafika penye mikorosho. Zipporah alikuwa akiwaza kwamba akifika atazikunjua zile nguo za safari, kisha atalala, hata kama ni mchana, hata kama watu watasema.

Mzee akaongea bila kugeuka.

"Huko kwenu Tanga mnalivuta kidogo mwishoni."

"Kitu gani, Baba?"

"Hakuna." Akatembea. "Hiyo barua, Mwalimu amenirudishia, ninayo hapa mfukoni. Hivi imesemaje hasa?"

"Imesema Baba ana miaka sabini na nne."

"Kweli."

"Na macho yana ukungu."

"Kweli."

Zipporah akasita. "Na imesema Baba hawezi kazi yoyote. Hajiwezi."

Mzee Sanga alisimama. Akakung'uta koti, akalivua, akalitupia begani.

"Hajiwezi," akasema.

Akaanza kutembea tena, na safari hii alikuwa akienda mbio mbio. Zile hatua kumi zikawa ishirini, kisha arubaini, na Zipporah, ambaye hakuwa na barua ya mtu yeyote kuthibitisha kwamba amechoka, ilimbidi avue viatu avishike mkononi ili amfuate.